Siku Makame Aliporudisha Wali

Kila mwaka, baada ya Idi Ndogo, huja nyumbani kwangu binti mmoja msomi, mpole, anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kazi yake ni kufuatilia afya ya watu wazima wenye usonji. Huwarudia wale wale mwaka hadi mwaka, na wengine wamezeeka mbele ya macho yake. Mdogo wangu Makame ni mmoja wao. Binti huuliza analala vipi, anakula nini, meno yake yakoje, ana raha au hana. Makame hukaa pembeni anasokota kamba, na mara nyingi hulirudia swali badala ya kulijibu. Neno lenyewe, usonji, mimi nimelijua nikiwa nimeshaota mvi. Zamani alikuwa Makame tu, na wasiotupenda walimwita zezeta.

Mwaka huu binti aliniuliza, "Bibi, akiumwa, huonyeshaje?"

Nilianza kucheka, kicheko kikanikauka. Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu chai ilikuwa inapoa na yeye ana nyumba nyingine za kupita. Jibu refu naliandika hapa. Nakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali na ndugu yako, unaulizwa "anaumwa wapi?" na huna la kusema. Mimi nimekaa benchi hilo.

Tulikuwa tunaishi Ng'ambo, Unguja mjini, mimi, Makame na mama yetu, Bi Kazija. Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama na mimi tulishona kofia, na Makame alisuka vitanda vya kamba. Alisokota makumbi ya nazi mwenyewe, akasuka mwenyewe, na kitanda chake ukikilalia hakibonyei hata kwa mtu wa kitambi. Watu waliomcheka njiani walikuja kumwagizia vitanda vya kuozeshea binti zao. Kuongea hakuwa akiongea. Ukimwambia "Njoo ule," naye husema "Njoo ule," kisha anakuja. Kila asubuhi alitembea hadi Darajani, akagusa nguzo moja ya taa karibu na soko, akarudi kuanza kazi.

Mapinduzi ya sitini na nne yalimkuta ndiyo kwanza anaota ndevu. Bunduki zilipoanza kulia aliingia mvunguni akaziba masikio. Hofu ya milio ikaisha, lakini kutoka nje hatukuruhusiana, na nguzo yake ya Darajani akawa haioni. Basi alijipiga. Alijipiga mashavu na kichwa kwa viganja, tukamshika huku na huku, mama analia, mimi nalia, mpaka siku tulipothubutu kumfungulia mlango. Akaenda, akaigusa nguzo, akarudi kimya kabisa, akachukua makumbi yake.

Tangu hapo mtaa mzima ulikuwa na elimu yake juu ya Makame: akinyimwa alichozoea, hujipiga. Elimu hiyo ndiyo iliyokuja kutuponza.

Miaka ikapita. Mimi niliolewa na Khamis, fundi wa baiskeli, mtu wa mzaha na mkono mwepesi wa kusaidia, akahamia kwetu ili nisiwaache. Tulikuwa na raha ya kiasi chetu. Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo ya sabini, mchele ukaadimika.

Waliokuwapo hawahitaji kusimuliwa. Kwa wasiokuwapo nitasema tu kwamba mtu wa Unguja na wali wamezoeana sana, na kumwambia ale muhogo mchana, muhogo usiku, na kesho muhogo tena, ni kumtia kwenye msiba. Tulipanga foleni tangu alfajiri. Tulinung'unika chini chini. Wanawake walikutana kwenye mfereji wa maji wakasimuliana wali waliokula mwaka juzi, kwenye harusi ya fulani, ulivyokuwa na nazi, ulivyokuwa na iliki, mpaka mtu anameza mate.

Makame alikuwa hali kitu kingine mchana ila wali na mchuzi wa samaki, kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu. Siku mama alipomwekea muhogo kwenye sahani ile, aliutazama, akautia mdomoni, akautema. Kesho yake vile vile. Akawa anakunywa uji, anakunywa chai, na ndizi mbivu akiipata huiponda kwanza kwa vidole.

"Anadeka," mama alisema. "Tumemdekeza wenyewe. Njaa ikimshika barabara atakula."

Jirani yetu Bi Tatu, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alipiga makofi. "Mwacheni mwenzenu! Makame ndo mwanamme peke yake Ng'ambo hii. Sote twautaka wali, yeye tu kasema kweli."

Tulicheka sana siku hiyo. Makame akawa kama msemaji wetu. Wapita njia walimuuliza, "Makame, muhogo vipi?" naye akajibu, "Muhogo vipi," na watu wakacheka tena. Kukonda kila mtu alikuwa anakonda. Kikoi chake kikaanza kumtoka kiunoni, mama akamfunga kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, na hakuna aliyeshangaa, maana hata Khamis mkanda wake ulikuwa umeongezwa tundu.

Kaskazi ikapuliza, ikaacha. Masika yakaingia, nayo yakaja na kujipiga. Safari hii alijipiga shavu la kushoto tu. Usiku halali, mchana anasinzia kwenye kazi. Mzee mmoja aliyeagiza kitanda alikirudisha, kamba zimelegea katikati kama chandarua. Alikuwa hajawahi kurudishiwa kitanda tangu aanze kusuka. Mama alikishika kile kitanda, akakibonyeza, akanitazama.

Mama alimwita mwalimu wa Kurani aje amwandikie kombe. Aya ziliandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, Makame akapewa anywe. Alikunywa akiwa ameinamisha kichwa upande wa kulia, kama ndege anayekunywa kwenye kifuu. Sote tuliona. Mwalimu aliona, mama aliona, mimi niliona. Tulifurahi kwamba amekunywa.

Ndani ya nyumba tukaanza kuchokana. Khamis alikuwa amepata kiwanja Kiembe Samaki, akajenga chumba na ukumbi, akataka tuhamie.

"Mwanaidi, mimi nshachoka kusikia makofi usiku kucha," aliniambia. "Nakwenda kazini macho mekundu. Kule kuna hewa, kuna utulivu. Mama yako na Makame utakuja kuwaona."

"Na mama atamshika peke yake?"

"Basi sema wewe ni mke wa nani."

Alikuwa na haki ya kulala, hilo sikulikataa hata siku moja. Alibeba vitu vyake taratibu, leo hiki, kesho kile, na kila akiondoka huniaga kwa adabu kama mgeni. Nilikuwa nampenda, na nilimwona anaondoka kipande kipande.

Kipupwe kikafika, na mpunga ukavunwa mashamba ya kaskazini. Shangazi yetu wa Kendwa alikuja mjini na mchele wa shamba la wakwe zake, kauficha ndani ya pakacha, juu kaweka majani ya mchicha. Mama alimbusu mikono. Mchele ule hatukuuliza ni wa nani na wa siku gani. Ulikuwa wa Makame.

Mama alifunga mlango wa mbele ili harufu isitoke, kana kwamba harufu ya wali wa nazi hufungiwa. Alikuna nazi mwenyewe, akachuja tui la kwanza na la pili, akapalia makaa juu ya kifuniko. Samaki changu alikuwa kwenye mchuzi. Shangazi alikaa kwenye mkeka anatabasamu. Bi Tatu, aliyeinusa harufu hiyo kutoka kwake, aliingia mlango wa uani bila hodi. Mama akapakua kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu.

"Njoo ule, baba."

"Njoo ule," Makame akasema, akaja upesi, na nilimwona akinusa. Alikaa. Alinawa. Alifinyanga tonge kama alivyolifinyanga maisha yake yote, dogo, la mviringo, akalitia mdomoni.

Alitafuna mara moja. Machozi yakamtoka yote kwa pamoja, bila sauti. Akalitoa tonge kwa vidole, akalirudisha ukingoni mwa sahani, akaisukuma sahani mpaka ikagusa goti la mama.

Mama aliutazama wali ule.

"Si mchele," alisema. "Mwanaidi, haikuwa mchele. Mwanangu anaumwa."

Wali ule haukuliwa na mtu. Ulilala kwenye sahani mpaka asubuhi, katika mji ambao watu waliuota usingizini.

Hospitali tulikwenda siku ya pili yake. Sitaitaja jina, na tabibu wa kwanza simlaumu sana, ingawa wakati ule ningemng'ata. Benchi lilijaa. Makame hawezi benchi lililojaa, bega la mtu likimgusa anaruka. Alitembea ukumbini kutoka ukuta hadi ukuta, akijipiga shavu, wagonjwa wakawavuta watoto wao karibu. Ilipofika zamu yetu, tabibu alimuuliza bila kuinua macho, "Unaumwa wapi?"

"Unaumwa wapi," Makame akasema.

"Mimi nakuuliza wewe."

"Mimi nakuuliza wewe."

Tabibu aliinua macho. "Bi mkubwa, huyu mpelekeni wanakotibiwa wagonjwa wa akili. Hapa tunatibu miili."

"Baba, na mwili anao," mama alisema. "Mwangalie tu."

Hakumwangalia. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, Makame katikati. Tukarudi tena, tukaambiwa vile vile na mwingine. Siku ya tatu mama alikaa chini sakafuni mlangoni mwa chumba cha daktari, akasema haondoki mpaka wamfukuze kwa rungu. Mama yangu hakuwahi kupandisha sauti mbele ya mwanamme asiyemjua. Nilimwonea haya na nilimwonea fahari, vyote viwili.

Daktari wa chumba kile alikuwa Mchina, wa wale waliokuja miaka ile. Kiswahili hajui, ana mkalimani, na mkalimani siku hiyo alikuwa amekwenda kusali. Basi daktari hakuwa na la kuuliza. Alimtazama Makame akijipiga. Alitazama mkono unapokwenda. Alikaa kwenye kiti, si karibu sana, akafungua kinywa chake mwenyewe, akakipanua kabisa mpaka tukaona meno yake ya nyuma.

Makame, aliyeishi kwa kurudia ya wenzake, akafungua chake.

Harufu iliyotoka nimeikumbuka maisha yangu yote. Jino la nyuma la kushoto lilikuwa limeoza zamani, na usaha ulikuwa umeingia ndani ya mfupa wa taya. Mkalimani aliporudi alitufasiria polepole: miezi mingi, alisema, maumivu haya ni ya miezi mingi, na mtu mwingine angelia mtaa mzima usikie. Mama aliomba kiti. Tangu muhogo wa kwanza, alisema. Tangu siku nlipomwambia anadeka.

Walimpasua, wakatoa kipande cha mfupa. Uso wake ulirudi si ule. Shavu la kushoto likaingia ndani, mdomo ukavutwa upande, na aliyekuwa mzuri kuliko mimi, nasema kweli, akawa mtu anayetazamwa mara mbili. Sindano za penisilini zilikuwa asubuhi na jioni, na kila sindano tulimshika watu wazima kadhaa. Alikuwa hajui kwamba yule anayemchoma anamponya. Hata mimi kuna nyakati nilisahau.

Rehema zilikuwapo, na nataka uzijue, kwa sababu utazihitaji. Muuguzi wa wodi ile, Bi Zuwena, mwanamke mnene wa maneno makali, alimkuta Makame hawezi kulala kwenye kitanda cha chuma chenye springi. Kila kikilia anaruka. "Na alale chini," akasema, "mie sioni kitu." Akatuambia tulete makumbi, ila tuyafue na kuyaanika kwanza. Makame akasokota kamba wodini. Wagonjwa walianza kwa kunung'unika, wakaishia kumwomba kamba za kuanikia mashuka.

Bi Zuwena pia ndiye aliyemfundisha. Kila akimwosha kidonda, kwanza alichukua mkono wa Makame, akauweka kwenye shavu. "Hapa," alisema. "Hapa," Makame akasema. Kisha alichukua mkono wangu, akauweka pale pale. "Hapa." Siku zikapita bila kitu, nami nikaona anapoteza wakati. Asubuhi moja niliingia wodini, Makame akasimama, akanishika kifundo cha mkono, akaupeleka mkono wangu tumboni kwake na kuubana pale. Ilikuwa dawa zimemvuruga tumbo. Nililia kwa furaha mbele ya wodi nzima ya wanaume, kwa habari ya tumbo la kuhara. Hakuwahi kuniambia kitu chochote kabla ya siku ile.

Alitoka vuli ikianza. Khamis alikuja kumwona, akamletea halua laini, akakaa naye. Alipoondoka alinipa talaka yangu uani, kwa upole, na nikaipokea kwa upole. Kisha nikaingia chooni nikafunga mlango, nikalia mpaka Bi Tatu akaja kugonga.

Mama hakupona. Ndivyo ninavyosema, kwa sababu ugonjwa ule ulikuwa umewaingia wawili. Mchele ulipopatikana alimpikia Makame wali mlaini, uliopondwa, akamtazama anakula mpaka mwisho, na yeye mwenyewe hakutia tonge mdomoni. Ukimsemesha atakwambia, "Nlimwambia anadeka, Mwanaidi. Mdomo wangu huu." Nilimwambia mtaa mzima ulisema hivyo. Hakusikia. Masika yaliyofuata, presha ilimwangusha jikoni, na hakuamka.

Msiba wetu ulikuwa kama misiba yote. Wanawake walijaa ndani, wanaume barazani, khitma ikasomwa. Makame alikaa uani akasokota kamba tangu maiti inaoshwa mpaka wanarudi makaburini. Hakulia, hakujipiga. Nilimsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Bora yeye. Hajui kitu, hana uchungu." Nilikuwa sina nguvu ya kumtoa nje, nikamwachia Bi Tatu, naye alifanya kazi hiyo vizuri.

Watu walipotawanyika, nikabaki nakunja mikeka. Makame alikuja akasimama mbele yangu. Akanishika kifundo cha mkono, akauweka mkono wangu kifuani kwake, katikati, akaubana. Aliubana hata nikahisi moyo wake unavyopiga.

Nikafa kwa hofu. Nilisema, ugonjwa umerudi, umeshuka kifuani, na safari hii sitangoja hata kidogo. Asubuhi tukawa hospitali, mimi na kanga zangu za msiba. Daktari Mchina alitukumbuka. Alimpima mbele, akampima mgongoni, akafungua kinywa chake na Makame akafungua chake. Alisikiliza kifua tena, kwa muda, macho kafumba. Kisha akasema na mkalimani.

"Anasema kifua kizima," mkalimani aliniambia. "Hakuna kitu. Anauliza, huko nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu," nilisema, kwa kuwa nilikuwa nafikiria mapafu. Halafu nikasema, "Mama yetu kafariki."

Daktari alitutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, na nadhani hakuhitaji kufasiriwa.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi, lile lile, na siku hiyo lilikuwa tupu. Siku zote za msiba nilikuwa nahangaika na sufuria na wageni, sijapata pa kulilia. Nikachukua mkono wa mdogo wangu, mgumu kwa kamba, nikauweka kifuani kwangu, nikaubana kama yeye alivyoubana wangu.

"Hapa," nilimwambia.

Wapo watakaosema alirudia tu, kama anavyorudia kila kitu. Lakini mkono wake hakuuondoa. Aliuacha pale, akanitazama, jambo ambalo Makame halifanyi.

"Hapa," akasema.